UCHANGANUZI: Kufukuza vilabu vya usiku mitaani hakutawapa wakazi wa Eastlands usingizi

AGIZO la serikali ya Kaunti ya Nairobi la mwishoni mwa 2022, lililositisha utoaji wa leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi, lilisikilizwa na watu wa aina mbili.

Wa kwanza walikuwa wakazi wa mitaa kama Kilimani na Kileleshwa, waliokuwa wamelalamika kwa muda kwamba muziki wa vilabu vilivyochipuka kando ya maghorofa yao uliwanyima usingizi. Hao walishukuru.

Wa pili walikuwa wakazi wa Eastlands. Kwao, agizo hilo la utawala wa Gavana Johnson Sakaja, aliyekuwa ameingia ofisini Agosti mwaka huo, lilizua swali ambalo halijajibiwa. Umoja, Kayole, Donholm, Buruburu, Dandora na Kariobangi ni makazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kilabu kikiondolewa huko, kipelekwe wapi?

Jibu la kaunti lilikuwa kwamba vilabu vya usiku viwe katikati ya jiji. Ni jibu lililotolewa na mtu anayerudi nyumbani kwa gari lake mwenyewe.

Maagizo yameendelea kufuatana tangu hapo. Machi 2024, baada ya pombe haramu kuwaua watu katika Kaunti ya Kirinyaga mwezi uliotangulia, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Prof Kithure Kindiki, alitangaza msururu wa hatua, ikiwemo kufungwa kwa baa zilizo katikati ya makazi na karibu na shule. Julai 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi ya Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) ikazindua sera mpya inayopendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na uuzaji wa pombe katika makazi ubanwe zaidi.

Baa bado zipo. Anayepita Barabara ya Outer Ring au Kangundo usiku wa Ijumaa hahitaji ripoti ya tume kulithibitisha hilo.

Kueleza hali hii kwa neno moja, ufisadi, ni rahisi, na neno hilo lina sehemu yake. Lakini haliwezi kueleza kila kitu. Maagizo yote matatu yamejengwa juu ya picha ya jiji lenye mitaa ya kulala upande mmoja na mitaa ya biashara na starehe upande mwingine. Eastlands haikuwahi kuwa hivyo, na walioijenga ndio waliohakikisha haitakuwa hivyo.

Kazi ya mwenyeji

Mgeni anayetaka kuiona burudani ya usiku ya Eastlands hushauriwa asiende bila mwenyeji. Wengi huuchukua ushauri huo kuwa wa usalama, nao si wa bure. Hata hivyo, kazi kubwa ya mwenyeji ni kumsomea mgeni sheria ambazo hazijaandikwa popote.

Hayo huanza hata kabla ya kufika. Nauli ya matatu ya Buruburu au Umoja si ile ya mchana. Hupanda kwa saa, kwa mvua na kwa urefu wa foleni, na mwenyeji hujua ni saa ngapi hasa utingo huanza kutaja bei mpya. Hujua pia kwamba swali la maana ni la kurudi: baada ya saa sita usiku, ni gari gani litapita na litaishia wapi.

Katika soko la Mutindwa, kwenye mpaka wa Buruburu na Umoja, usiku huingia kwa harufu. Wauzaji wa sukuma wiki na nyanya hufunga magunia yao, na palepale walipokuwa huwashwa majiko ya mutura, samaki wa kukaanga, miguu ya kuku na mayai ya kuchemsha. Kibanda kilichokuwa cha kinyozi saa kumi jioni kinaweza kuwa na meza ya pool mlangoni saa tatu usiku. Aliye na ramani ya mipango ya jiji mkononi angetafuta mpaka kati ya biashara na makazi hapo, na angekesha akiutafuta.

Kisha mwenyeji hutenganisha yale ambayo macho ya mgeni huyaona kama kitu kimoja. Kuna vilabu vya keg, vyenye viti vya plastiki na runinga ya mpira, ambako mfanyakazi wa viwandani hunywa kwa kikombe kabla ya kwenda nyumbani. Kuna maduka ya pombe kali yenye vyuma dirishani, ambako mteja hununua chupa ndogo na kuondoka, au husimama hapo hapo nje. Kuna kumbi za ghorofani kando ya barabara kuu, zenye taa za rangi, mabaunsa mlangoni na bei zinazokaribia zile za Westlands. Na ndani zaidi, kwenye vichochoro, kuna nyumba ya mama pima, ambayo haina bango na haihitaji.

Mwenyeji humwambia mgeni alipie kila kinywaji kinapoletwa. Humwonyesha kichochoro chenye taa na kile ambacho taa yake iliungua zamani. Humpa nambari ya mwendesha bodaboda mmoja na kumwonya asipande mwingine. Humkumbusha kwamba lango la ploti anamolala hufungwa saa nne au saa tano, na ufunguo uko kwa msimamizi ambaye hapendi kuamshwa. Lango hilo huwarudisha vijana nyumbani kuliko sheria yoyote ya Bunge, jambo ambalo watunga sera hawajalitilia maanani.

Zaidi ya yote, mwenyeji hujua ni baa ipi hufungwa saa tano usiku kama inavyotakiwa, na ni ipi hufunga mlango wa mbele saa tano kisha ikaendelea kupitia mlango wa nyuma. Tofauti ya hizo mbili haionekani kwenye leseni zilizotundikwa ukutani. Iko katika makubaliano kati ya mwenye baa, mwenye nyumba, vijana wa kituo cha bodaboda na, kwa mujibu wa malalamiko ya miaka mingi, maafisa wanaotumwa kufanya misako.

Usiku wa Eastlands basi una serikali mbili. Moja ina makaratasi, nyingine ina watu. Mgeni huhitaji mwenyeji kwa sababu hii ya pili ndiyo inayotawala.

Manispaa iliyouza pombe

Hali hii ina mizizi mirefu. Pumwani, mtaa ulioanzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, ulipewa ukumbi wa pombe wa manispaa tangu mapema. Utengenezaji wa pombe nyumbani ulikuwa kosa. Mwafrika aliyetaka kunywa kihalali alipaswa kunywa ya manispaa, na faida iliingia katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika wenyewe.

Mpango huo ulikuwa umebuniwa Durban, Afrika Kusini, na ulimfurahisha mlipa kodi Mzungu wa Nairobi kwa sababu za wazi. Maskini alijilipia zahanati yake kwa kulewa.

Wanawake waliopika pombe Pumwani na Pangani walitozwa faini na kufungwa, wakatoka, wakapika tena. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata kodi ya nyumba katika jiji lililowataka wanaume kama vibarua na halikuwataka wao kabisa. Pangani ya zamani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Biashara yao ilihama pamoja nao.

Mitaa iliyofuata ilijengwa kwa wazo hilo hilo la kumweka mfanyakazi mahali pa kulala. Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho vilikuwa na vyumba, mabomba na, hapa na pale, ukumbi wa kijamii. Ukumbi huo ulikuwa jambo la busara. Kaloleni palichezwa dansi na kufanyika mikutano ya siasa, na katika kumbi za namna hiyo vijana wa Eastlands walijifunza masumbwi na muziki bila mtu kuwauzia chupa. Kwa kumbukumbu za mtaa, hiyo ndiyo burudani ya usiku iliyokuwa karibu zaidi na kuwa mali ya umma.

Baada ya uhuru wazo halikubadilika sana. Buruburu, iliyoanza kujengwa 1973, ilikusudiwa watu wa tabaka la kati na ilipangiwa maduka mahali maalumu. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Marekani. Dandora, mradi wa Benki ya Dunia wa katikati ya miaka ya 1970, uligawa viwanja takriban 6,000 vilivyowekewa maji na mitaro ili kila mwenye kiwanja ajijengee mwenyewe.

Kilichotokea baadaye kinafahamika kwa kila anayeishi huko. Mishahara ilipungua thamani, viwanda vikapunguza watu katika miaka ya 1980 na 1990, na nyumba zikaanza kufanya kazi. Mwenye kiwanja Dandora aliongeza vyumba vya kupangisha. Nyumba ndogo za Umoja zilibomolewa moja baada ya nyingine na mahali pake pakasimama majengo ya ghorofa tano, sita, saba, yenye maduka chini. Ua wa mbele wa Buruburu ukawa saluni, kisha duka la dawa, kisha baa.

Hakuna aliyekaa akapanga kuifanya Eastlands kuwa eneo la starehe. Watu walioachwa bila kazi walitumia kitu pekee walichokuwa nacho, yaani ukuta unaotazama barabara.

Duara la mita 300

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana zaidi kama Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilikuja baada ya vifo. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliwaua watu zaidi ya 100 katika vijiji vya Mukuru. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hiyo haikuiondoa. Iliificha tu, na gizani kila mtu alichanganya alichotaka.

Sheria ya 2010 iliifuta marufuku hiyo na kujaribu kuileta biashara mwangani. Iliweka saa: baa za kawaida zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Vilabu vya usiku vilipewa muda mrefu zaidi. Iliweka pia umbali: baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto.

Saa zinaeleweka. Umbali ndio unaohitaji kupigiwa hesabu. Duara la mita 300 kuzunguka shule moja hufunika takriban ekari 70. Katika mtaa kama Kayole au Umoja, ambako shule za umma zimezungukwa na shule ndogo za kibinafsi karibu kila barabara, maduara hayo hukaliana hadi pasibaki pengo. Ikitekelezwa neno kwa neno, sheria hiyo haiachi mahali pa baa hata moja katika sehemu kubwa ya Eastlands.

Sheria isiyowezekana kutiiwa na yeyote ina faida kwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyetumwa kuitekeleza. Kila baa iko katika makosa daima, na kwa hivyo kila baa ina jambo la kuzungumza na afisa daima. Mwenye baa anayewajali majirani na yule asiyejali hujikuta katika kundi moja, wakilipa ada ile ile isiyo na risiti. Hapo wa kwanza hukosa sababu ya kuendelea kujali.

Serikali yenyewe haijawahi kuamua inataka nini kwa mnywaji wa Eastlands. Mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilianzisha bia ya Senator Keg, ikasamehewa ushuru ili iwe rahisi kiasi cha kumvuta maskini kutoka kwenye chang'aa. Mwaka 2013 sehemu ya ushuru ikarudishwa, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 msamaha ukaongezwa tena. Na mwaka huo huo wa 2015, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako mkubwa dhidi ya pombe kali za bei nafuu. Mnywaji wa Mukuru au Korogocho aliyekuwa akifuata mwelekeo wa serikali angehitaji mwenyeji wake pia.

Wanaolala, au wanaojaribu

Yote haya hayamaanishi kwamba malalamiko ya wakazi ni ya uongo. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani katika chumba kimoja juu ya ukumbi wa muziki hana pa kuhamia. Mama anayeamka saa kumi usiku kwenda Gikomba au Muthurwa kununua bidhaa hawezi kumwambia kipaza sauti kinyamaze. Kilimani, mkazi aliyekerwa huandika kwa wakili. Kayole, aliyekerwa huziba masikio ya mtoto kwa blanketi, kwa sababu mwenye kilabu ndiye mwenye nyumba, au ni rafiki yake.

Kwa hawa, sheria iliyo bora tayari ipo, na si ile ya leseni. Kanuni za Kudhibiti Kelele za 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba katika makazi, na 35 usiku. Usiku, kwa mujibu wa kanuni hizo, huanza dakika moja baada ya saa mbili. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Hata mahali palipochanganya makazi na kumbi za burudani, kikomo cha usiku ni hicho hicho.

Mtu anaweza kusema kiwango hicho ni kikali mno kwa jiji lolote lenye matatu, na atakuwa na hoja. Lakini kanuni ya kelele ina jambo moja ambalo agizo la kufukuza vilabu halina: humtendea mwenye baa kwa kitendo chake, si kwa anwani yake. Anayeweka sandarusi ukutani na kupunguza sauti hubaki. Asiyetaka, aondoke. Tena kanuni hiyo haibagui, kwani kesha la kanisa la hemani lenye spika zilizoelekezwa barabarani liko chini ya kikomo kile kile. Huenda hiyo ndiyo sababu wanasiasa hawaitaji sana.

Upimaji wa kelele unahitaji vifaa, maafisa wanaofanya kazi usiku na nambari ya simu inayopokelewa saa saba za usiku. Agizo halihitaji chochote isipokuwa wanahabari.

Safari ya kutoka mjini

Wazo la kuukusanya usiku mahali pamoja halina ubaya kwa lenyewe. Tokyo, Japani, ina eneo la Kabukicho katika wilaya ya Shinjuku, ambalo lilipata jina lake baada ya Vita vya Pili vya Dunia kutoka kwa jumba la maigizo ya kabuki lililopangwa kujengwa hapo na ambalo halikujengwa kamwe. Wageni hulitembelea na wenyeji wa kuwaongoza, maana kuna baa ndogo za viti vichache zinazopokea wateja wazoefu pekee, na vipaza sauti barabarani huwaonya watu dhidi ya madalali wanaowavuta mlangoni.

Lakini Kabukicho iko hatua chache kutoka kituo cha Shinjuku, mojawapo ya vituo vya reli vyenye abiria wengi zaidi duniani. Treni husimama karibu na saa sita usiku na kurudi mwendo wa saa kumi na moja alfajiri, na mji mzima hupanga usiku wake kwa ratiba hiyo. Hata hivyo sheria hazikukaa bila kuguswa. Japani iliruhusu vilabu vya dansi kuendelea baada ya saa sita usiku kuanzia Juni 2016 tu, baada ya kurekebisha sheria ya 1948. Na wilaya ya Shibuya ilipochoshwa na walevi wa barabarani, haikuhamisha baa. Kuanzia Oktoba 2024 ilipiga marufuku kunywa pombe barabarani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Nairobi ina treni za kwenda Eastlands ambazo huwahudumia wafanyakazi asubuhi na jioni, kisha hulala. Anayeambiwa aende akastarehe katikati ya jiji atarudi kwa matatu ya nauli maradufu au kwa bodaboda, saa nane za usiku, akiwa amelewa, kupitia Barabara ya Jogoo. Aliyekuwa akinywa hatua 200 kutoka mlango wake amegeuzwa kuwa msafiri. Kwa mwanamke anayehudumu mezani hadi usiku wa manane, mabadiliko hayo ni makubwa zaidi, kwani kazi iliyokuwa karibu na watoto wake imehamishiwa mbali nao.

Takwimu za sensa ya 2019 zinaonyesha uzito wa jambo hili. Kaunti ndogo ya Embakasi pekee ilikuwa na watu 988,808 na Njiru 626,482, katika jiji la watu 4,397,073. Zikiongezwa Makadara, Kamukunji na Mathare, idadi hupita nusu ya Nairobi. Si busara kupanga burudani ya jiji kana kwamba nusu hiyo imetoka tu kidogo.

Ni nusu hiyo pia iliyolipa jiji sehemu kubwa ya burudani yake. Kalamashaka walitoka Dandora katika miaka ya 1990 wakirap kwa Kiswahili wakati redio zilipodhani rap ni ya Kiingereza. Studio ya Calif Records, katika mtaa wa California, ilizaa genge ya kina Jua Cali. Mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja lilianzisha wimbi la gengetone kwa wimbo Lamba Lolo, ambao wazazi wengi wangependa usingeimbwa. Upende usipende, vilabu vya Westlands vimekuwa vikicheza nyimbo zilizotungwa upande wa pili wa jiji.

Nchi imewahi kufanya jaribio la usiku usio na watu. Kafyu ya Covid-19 ilianza Machi 27, 2020 kwa saa za kati ya moja jioni na kumi na moja alfajiri, na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Baa zilifunga milango ya mbele. Zile zenye milango ya nyuma ziliendelea kwa bei ya juu zaidi, na wateja walifungiwa ndani hadi kulipopambazuka. Siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi wakitekeleza amri hiyo mtaani. Eastlands haijasahau kwamba alikuwa nyumbani, mahali ambapo amri ilimtaka awe.

Orodha ya maombi

Usimamizi wa leseni za pombe ni wa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na Nairobi ilipitisha sheria yake yenyewe mwaka 2014. Tangu sheria ya kitaifa ya 2010, utaratibu umetambua kwamba maombi ya leseni yatangazwe hadharani ili mkazi mwenye pingamizi alitoe kabla ya leseni kutolewa. Kifungu hicho kingeweza kufanya kazi ambayo maagizo matatu yameshindwa kufanya, kwa sababu kinamwita anayeijua barabara.

Mkazi wa Umoja anajua ni kilabu kipi huajiri vijana wa mtaa na kuzima muziki kwa wakati, na ni kipi huuzia watoto wa sare. Anajua ni duka lipi la pombe kali lililofunguliwa karibu na mlango wa shule mwaka jana. Maarifa ambayo mwenyeji humpa mgeni bure kwa usiku mmoja ndiyo ambayo kamati ya leseni huyakosa mwaka mzima. Orodha ya maombi ikibandikwa katika ofisi ya chifu, kanisani, msikitini na kwenye kituo cha matatu, na kikao kikafanywa jioni wakati watu wamerudi kazini, kamati itasikia zaidi ya inavyopenda.

Kuna na mambo madogo yasiyo na utata. Milingoti mirefu ya taa iliyosimamishwa katika mitaa ya mabanda miaka ya 2000, ambayo watu waliipa jina la mulika mwizi, ilibadilisha usiku wa vichochoro kuliko operesheni yoyote, inayoungua itengenezwe. Kumbi za kijamii za Kaloleni, Makadara na Pumwani zinaweza kuwashwa taa saa tatu usiku badala ya kufungwa, ili kijana wa miaka 19 asiye na pesa awe na mahali pa kwenda pasipouzwa keg. Na mitaa mikongwe ya kaunti inapobomolewa kupisha maghorofa, kama ilivyokwisha kutokea Pangani, wachoraji wa ramani waulizwe mapema ghorofa ya chini itafanya nini ikifika saa mbili usiku. Wasipoulizwa, wapangaji watajibu wenyewe.

Sera ya NACADA ya 2025 haikuwa sheria kwa kuzinduliwa. Kupandisha umri wa kunywa hadi miaka 21 kunahitaji Bunge la Taifa lirekebishe sheria ya 2010, na mipaka ya baa mitaani ni suala la Bunge la Kaunti. Bunge hilo lina wadi 85. Maeneobunge matano ya Embakasi, pamoja na Makadara na Kamukunji, yana wadi 33 kati ya hizo, na madiwani wake huomba kura katika barabara hizo hizo, mara nyingi usiku, na mara nyingi wakisimama mbele ya baa.